Mita Mia za Miwa: Kwa Nini Ndege Mmoja Huvuka na Mwingine Hubaki

Magharibi mwa mji wa Masindi kuna mahali ambapo Msitu wa Budongo unakoma na miwa inaanza papo hapo. Hakuna vichaka vya katikati wala miti inayopungua kidogo kidogo. Ni msitu, kisha shamba. Asubuhi hondohondo hutokea wawili wawili juu ya vilele vya miti, mabawa yakivuma kwa sauti unayoisikia kabla hujawaona, wakapita juu ya miwa bila kushuka. Hatua chache ndani ya msitu huohuo, karibu na ardhi, wako ndege wadogo wa rangi ya majani makavu ambao huenda wasilivuke shamba hilo maisha yao yote.

Kwenye ramani ndege hawa wote wanakaa msitu mmoja na wametenganishwa na msitu wa pili kwa umbali uleule. Kwao wenyewe umbali huo si mmoja hata kidogo. Hapo ndipo lilipo fundo la mada hii, na hapo ndipo mijadala yetu ya misitu nchini Uganda inapokwenda kombo. Tunauliza msitu una hekta ngapi. Hatuulizi kuna nini kati ya msitu na msitu, na ni nani anayeweza kukivuka.

Hekta zenyewe zinatisha. Mwaka 1990 misitu ilifunika takribani asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia 2015 ilibaki asilimia 9 hivi. Lakini tarakimu hizo hazisemi kilichobaki kimebaki vipi. Sehemu kubwa ya kilichopotea haikuwa ndani ya hifadhi za serikali. Ilikuwa kwenye ardhi za watu: miti iliyofuata vijito, mabonde yenye maji, vipande vya msitu nyuma ya mashamba. Kwa mtu wa takwimu ni hekta tu. Kwa ndege hivyo ndivyo vilikuwa viungo vilivyoufunga msitu mmoja na mwingine, na vimekatwa kwanza.

Bawa, mwanga na woga

Tuanze na mwili. Ndege wa tabaka la chini la msitu ana bawa fupi lenye ncha ya duara. Linamfaa kwa maisha ya kona: kuruka mita tano, kukwepa shina, kutua, kuruka tena. Halimfai kwa mwendo mrefu wa moja kwa moja. Mbayuwayu ana bawa refu lililochongoka na anakaa angani karibu siku nzima. Watafiti wanaweza kupima umbo la bawa peke yake na kubashiri kwa kiasi kizuri ni nani atakayesambaa mbali na ni nani atakayebaki alipozaliwa.

Hata hivyo misuli si jibu lote. Ndege wengi wasiovuka wangeweza kufika ng'ambo kama wangejaribu, ila hawajaribu. Katika msitu mzito ni asilimia chache tu ya mwanga wa jua inayofika ardhini, na macho yao yamezoea kuwinda katika kivuli hicho. Peupe kuna mwanga mkali, kuna joto, na kuna kipanga anayesubiri. Kwa maelfu ya vizazi waliothubutu kutoka waliliwa, na walioogopa ndio waliozaa. Woga huo ulimlinda ndege pale msitu ulipokuwa hauna mwisho. Leo, msitu ulipokatwa vipande, woga uleule unamfunga.

Jaribio moja la kule Panama linaonyesha jambo hili waziwazi. Mfereji wa Panama ulipofunguliwa mwaka 1914, bonde la Mto Chagres lilikuwa limegeuzwa ziwa, na vilele vya vilima vikawa visiwa vyenye msitu. Ndege wa aina kadhaa wakaanza kutoweka kwenye visiwa hivyo, ijapokuwa nchi kavu yenye ndege wa aina hizohizo ilikuwa karibu sana. Swali lilikuwa: je, hawawezi kuvuka, au hawataki? Watafiti walioandika matokeo yao mwaka 2008 waliwachukua ndege wa msituni kwa mashua na kuwaachia juu ya maji, kwa umbali uliopimwa kutoka ufukweni, kuanzia mita 100. Aina nyingine zilifika bila shida. Nyingine zilishindwa hata mita hizo 100 na kuishia majini. Hawa ni ndege wenye mabawa kamili, wanaoruka kila siku ya maisha yao. Mita 100 ni urefu wa uwanja wa mpira.

Miwa si maji, na ndege anaweza kutua juu yake. Lakini kwa anayehitaji kivuli, mdudu wa kwenye majani yaliyooza na tawi la kujificha, shamba la miwa la kilomita mbili halina kitu cha kumwezesha kufika katikati.

Wanaofuata siafu

Kama ningeruhusiwa kundi moja tu la ndege la kuelezea mada hii, ningechagua ndege wanaofuata siafu. Kule Nyabyeya, ukingoni mwa Budongo, ambako kazi za mbao na miwa zimekusanya Waalur, Walugbara, Wakongo na Wanyoro, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana, hakuna asiyewajua siafu. Wakiingia nyumbani usiku, mende, panya na nge wote hutoka mbio, na wenye nyumba pia. Msituni ni vivyo hivyo. Siafu wanapotandaza safu zao za kuwinda, panzi, buibui, jongoo na vyura wadogo hukimbia mbele yao, na ndege hukaa mbele ya safu wakiwadaka. Hawali siafu. Wanakula wale wanaowakimbia siafu.

Katika misitu ya Uganda wapo alethe, wenye miguu mirefu na kifua cha kahawia au cheupe, na wapo jamaa wengine wa ukoo wa karibu ambao maisha yao yamefungwa na wadudu hawa. Wengine ni wa kubahatisha tu: wakikutana na safu wanakula, wasipoikuta wanatafuta kwingine. Wengine wanazitegemea safu hizo kwa sehemu kubwa ya chakula chao, na hawa ndio wanaoumia msitu ukikatika.

Sababu ni hii. Koloni la siafu halikai mahali pamoja. Linawinda kwa muda, linatulia, linahama, linaanza tena. Kwa hiyo ndege anayelitegemea hawezi kuishi na koloni moja. Anahitaji kujua makoloni kadhaa, ili siku moja likitulia apate jingine linalowinda. Hilo linataka eneo kubwa la msitu usiokatika. Kwenye kipande cha hekta 10 huenda kuna koloni moja, au halipo kabisa. Siku likitulia, ndege ana njaa, na msitu wa pili uko ng'ambo ya mwanga asioupenda.

Utafiti uliofanywa katika Msitu wa Kakamega, Kenya, ambao ni mkia wa mashariki wa misitu ileile ya Kongo inayopita Uganda, ulichapishwa mwaka 2008 na kuonyesha kwamba makundi ya ndege hawa yanapungua katika vipande vidogo vilivyochakaa. Kaskazini ya Manaus, Brazil, kuna jaribio kubwa lililoanza mwaka 1979, ambapo vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 viliachwa makusudi katikati ya ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya ng'ombe. Ndege wafuata siafu walitoweka mapema mno kwenye vipande vidogo. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia: pale malisho yalipotelekezwa na miti ya haraka ikaota, baadhi ya ndege hao walirudi kwenye vipande vilevile. Vipande havikuwa vimeongezeka hata hekta moja. Kilichobadilika ni kilichovizunguka.

Tuliweke hilo akilini, kwa sababu suluhisho karibu lote limo humo.

Safari moja ya maisha

Ndege mzima mwenye eneo lake hana haja ya kuvuka popote. Anayevuka ni kijana, miezi michache baada ya kutoka kiotani, anapoondoka kutafuta eneo lake na mwenza. Kwa ndege wengi wa msituni hiyo ndiyo safari kubwa pekee, na mara nyingi ni ya mita mia kadhaa au kilomita chache. Ndiyo sababu si rahisi kuiona. Unaweza kukaa na darubini ukingoni mwa Msitu wa Mabira, mashariki mwa Kampala, wiki nzima usimwone anayevuka, na bado ukawepo uhusiano kati ya vipande viwili, kwa sababu wanaohitajika ni wachache mno. Wanajenetiki wana kanuni yao ya makadirio: mgeni mmoja anayezaa kwa kila kizazi anatosha kuzuia damu za pande mbili zisiachane kabisa. Ila asipofika hata huyo mmoja, kipande kinaanza kuzaliana chenyewe kwa chenyewe, na ajali ndogo tu, ukame au mwaka wenye nyoka wengi, inaweza kulimaliza kundi bila wa kuja kuziba pengo.

Hebu mfikirie kwale wa Nahan. Anapatikana mashariki mwa Kongo na Uganda tu. Anaishi ardhini, kwa vikundi, na hutaga kwenye miguu ya miti mikubwa, katikati ya mizizi bapa iliyosimama wima. Uganda tunaye katika misitu ya Budongo, Bugoma na Mabira. Kutoka Mabira hadi Budongo ni zaidi ya kilomita 150 za miji, mashamba ya kahawa, ndizi, miwa na barabara. Hakuna kwale wa Mabira atakayekwenda kwa miguu akafika. Kwale wa Mabira wako peke yao, na watakaokuja baada yao watatoka humohumo.

Mwaka 2007 serikali ilipendekeza kutoa takribani hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya hifadhi, zigeuzwe mashamba ya miwa. Watu walibishana juu ya mvua, ajira na bei ya sukari. Maandamano ya Aprili mjini Kampala yaligharimu maisha ya watu, na mpango ukasitishwa. Naamini waliopinga walikuwa sahihi, hata kwa sababu ambayo haikusemwa sana. Ukikata robo ya msitu hukati robo tu. Unafungua ukingo mpya, na jua na upepo huingia ndani kutoka ukingoni, udongo unakauka, majani yaliyooza yanapungua, na wezi wa mayai wanaopenda vichaka huingia pamoja navyo. Msitu wa ndani, ule anaouhitaji kwale, unasinyaa zaidi ya kile kilichopimwa na fundi wa ardhi.

Madhara hayo hayaonekani haraka. Ndege mdogo wa msituni katika nchi zetu anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kipande kilichokatwa mwaka juzi bado kitakuwa na sauti zote asubuhi, ingawa waimbaji wake hawana warithi. Wanaikolojia huita hali hiyo deni la kutoweka. Marehemu Profesa Christine Dranzoa, aliyekuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Muni huko Arua, aliwachunguza ndege katika sehemu za Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, zilizokatwa mbao, miaka 23 baada ya ukataji. Jamii ya ndege ilikuwa bado haijafanana na ile ya sehemu ambazo hazikuguswa. Na Kibale msitu ulikuwa bado umesimama pande zote. Kipande kilichozungukwa na miwa hakina jirani wa kumkopesha ndege.

Wanaobeba msitu

Hondohondo ni habari nyingine. Sauti ile ya mabawa hutokana na umbile lake: chini ya bawa hana manyoya madogo ya kufunika mashina ya yale makubwa, hewa inapenya na kuvuma. Anakwenda mbali kufuata matunda, na mbegu alizomeza huziangusha alikofika. Musizi, mti wa mbao unaojulikana vizuri Uganda, hupenda kuota kwenye mapengo yenye mwanga, na hondohondo ni miongoni mwa wasambazaji wake wakubwa. Ulipopelekwa Usambara, Tanzania, mwanzoni mwa karne ya 20, hondohondo wa huko waliusambaza kwa kasi hadi ukawa kero msituni. Hapa kwetu, ambako ndiko asili yake, kazi hiyohiyo inafunika makovu.

Shorobo mkubwa wa buluu yuko katikati. Si mrukaji hodari. Hupanda matawi kwa kurukaruka kama mtu anayepanda ngazi, akifika kileleni hujiachia na kuteleza hadi mti wa jirani. Anavuka pengo ikiwa ng'ambo kuna mti mrefu wa kutua. Ndiyo maana unamkuta hata kwenye bustani za mimea za Entebbe, na kwenye kinamasi cha Bigodi kando ya Kibale, ambacho wanakijiji wanakitunza kupitia chama chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wageni hulipa ili waje kumwona.

Kasuku wa kijivu huvuka bila taabu. Jioni huonekana wakipita juu ya Kampala. Lakini kuvuka si kuishi. Kasuku na hondohondo wote hutaga ndani ya mashimo ya miti mikubwa ya zamani. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya shimo kwa udongo na uchafu, akabaki na upenyo mwembamba ambao dume humlishia kwa wiki nyingi. Mti wenye shimo la kumtosha ni mzee wa miaka mingi, na mara nyingi ndio ule wapasuaji mbao wanaoutafuta. Kwa hiyo ndege hodari wa kuruka anaweza kuzunguka wilaya nzima akiwa na afya, na asizae. Kumwona juu ya shamba lako si ushahidi kwamba mambo ni salama.

Kilichoko katikati

Sasa turudi kwenye ardhi ya katikati. Shamba la kizamani la Buganda lina ndizi, kahawa, na juu yao mutuba na musizi. Mutuba ni mtini unaotoa magome ya kutengenezea lubugo, yaani nguo ya magome. Fundi akishaumenya hufunga shina kwa majani ya mgomba, nalo hurudisha gome jipya la kuvunwa tena. Ndiyo maana mkulima hana sababu ya kuukata, na mti mmoja husimama miaka mingi. Tini zake huliwa na hondohondo, shorobo na njiwa wa msituni. Hakuna aliyekusudia kuwajengea ndege njia, lakini miti ile ni vituo vya kutua kutoka msitu hadi msitu.

Shamba la miwa halina kituo. Shamba la mikaratusi lina miti, na kwa mbali hudanganya macho, lakini halina tunda la kula wala takataka laini za ardhini zenye wadudu wengi. Ni afadhali kuliko uwazi mtupu kwa ndege anayepita tu. Halimlishi anayepita.

Kati ya Budongo na Bugoma, mapengo yanakua. Njia za asili zilikuwa misitu ya kando ya mito na hifadhi ndogo kama Wambabya, na mingi ya misitu hiyo ni mali ya watu wanaohitaji ada za shule na mashamba. Kati ya 2011 na 2013, huko Hoima na wilaya ya Kibaale ya wakati huo, lilifanyika jaribio katika vijiji 121: takribani nusu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wasipokata msitu wao. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti, na vilivyolipwa asilimia 4.2. Ni fedha ndogo mno kwa matokeo hayo. Wanaosema wanakijiji hawajali misitu wangetazama hesabu hiyo kwanza, kisha wajiulize ni nani mwingine anayewalipa kwa kuiacha.

Sheria pia ipo. Kanuni za mwaka 2000 za kingo za mito na maziwa zinataka meta 100 zisiguswe kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na meta 30 kando ya mito mingine. Zikitekelezwa tu, nchi nzima ingekuwa na wavu wa shoroba, yaani njia za miti za kupitia msitu hadi msitu, bila kununua ardhi yoyote. Tuseme ukweli kuhusu uwezo wake lakini: ukanda wa meta 30 kila upande ni ukingo mtupu, jua linaingia pande zote. Utawasaidia shorobo, shore na wala matunda wengine. Kwale wa Nahan hatapita humo, na alethe hatakuta siafu wa kutosha. Kwao ushoroba ni lazima uwe mpana kiasi cha kuwa na giza katikati, ambalo ni jambo la wenye ardhi jirani kukubaliana, si la mmoja kuacha mstari wake.

Kama ningeulizwa fedha kidogo zilizopo ziende wapi, nisingeanza na kupanda msitu mpya mahali patupu. Ningeanza na vijito ambavyo bado vina miti, nikiwalipa wenyewe waache vichaka viote pande zote mbili, na miti yenye mashimo ibaki imesimama hata ikionekana imezeeka. Wa kwanza kuonekana humo watakuwa shore, kisha shorobo, na hondohondo watakuja kuangusha mbegu zao. Wafuata siafu watafika mwisho, baada ya siafu wenyewe, na hiyo inaweza kuchukua miaka mingi kuliko mradi wowote wa wafadhili unavyodumu.